Mtu wa Kitabuni

Félicité alipokifungua kile kitabu kisicho na jalada, wanawake wa Kavimvira walinyamaza hata kama walikuwa katikati ya umbea mtamu. Ndagala, dagaa wa ziwa lile, zilikuwa zimekwisha kumwagwa, zimetandazwa nyembamba juu ya mchanga, zinang'aa mpaka macho yanauma. Mitumbwi iliyorudi alfajiri ilikuwa imepinduliwa ikauke. Ng'ambo ya ziwa milima ya Burundi ilikuwa haijaamua bado kama itatokea au itabaki ndani ya ukungu. Ndagala hugeuzwa, huachwa, zikageuzwa tena, na kati ya kugeuza na kugeuza hakuna kazi, ni kukaa tu na kufukuza ndege. Saa hizo ndizo zilizokuwa za kitabu.

Kilikuwa cha Kifaransa, hadithi ya mapenzi ya kizungu. Aliyekiacha ni mke wa wakala wa pamba, aliyekimbia mwaka wa uhuru huku sufuria ikichemka jikoni. Watu waliingia nyumba ile wakatoka na vitanda na mapazia. Félicité, aliyekuwa akimshonea yule mama magauni, alitoka na kitabu, na mtaa mzima ukamcheka. Sasa ni miaka minne, vitanda vimevunjika, na waliocheka ndio wanaomwita Mwalimu na kumtandikia mkeka. Alisoma kwa namna yake: macho yakifuata Kifaransa cha masista waliomfundisha, mdomo ukitoa Kiswahili, bila kusita, mpaka wasikilizaji wakaamini kwamba wazungu wa kitabuni walikuwa wakisema Kiswahili tangu zamani.

Hadithi ilimhusu Adrien, mtoto wa mlinzi wa mnara wa taa kando ya bahari. Meli ilipasuka mwambani, na mzee mmoja mkubwa, kazi yake kuandika hati na kuzigonga mihuri, akaandika kwamba mlinzi alizima taa kwa makusudi. Maneno yalikuwa ya uongo, lakini yaliandikwa, na mlinzi akafia gerezani. Mwanawe akapotea miaka kumi. Akarudi tajiri, na jina jipya, ameapa jambo moja: atamfanya Mathilde, binti wa yule mzee, ampende mpaka apoteze akili, amwache mbele ya padri siku ya harusi, kisha amalizane na baba yake. Wanawake walishindwa na jina la mzee yule, refu kama njia ya Bukavu, wakamwita Mzee wa Mihuri, yakaisha.

Jamani, jinsi walivyogombana juu ya Adrien! Ungedhani ni mume wa mtu.

"Minye namupenda," Riziki alisema. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa amempa jogoo wake jina la Adrien.

"Humupendi, unamuonea huruma," Sharifa akamjibu. Sharifa alikuwa mjane wa mfanyabiashara, Mwislamu wa mjini aliyezaliwa palepale Uvira, mwenye ulimi usiojua kupumzika. "Angalia, mwanangu. Mwanaume anayeshika jambo miaka kumi, siku akikuoa atashika na ya kwako. Leo iko na baba yake, kesho iko na chumvi uliyozidisha mu mboga."

"Sasa asilipize? Baba yake afe bure?"

"Alipize, nani amemukataza? Amutafute ule mzee, amushike shingo, waongee. Mathilde alikosa nini? Anamushonea mutoto wa watu shela ya harusi ili amulize! Ule haiko mupenzi, ule ni mugonjwa."

"Lakini macho yake..."

"Macho, macho! Wee Riziki, utaolewa na macho."

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pembeni walijifanya hawasikii, lakini mtu akichelewa kufika ndio waliomwita kando na kumweleza Adrien amefika wapi. Katika ugomvi wote huo Félicité hakutia neno. Alingoja watulie, akalowesha kidole, akafungua ukurasa mwingine. Moyoni hakuwa na swali lolote kuhusu Adrien. Alimwelewa kila neno, alilala na kuamka naye, na alitamani kitu kimoja tu ambacho Adrien alikuwa nacho na yeye hakuwa nacho, yaani nafasi.

Kwani Félicité naye alikuwa na Mzee wa Mihuri wake. Baba yake, Firmin, alikuwa fundi wa mitambo ya meli pale Kalundu, mtu wa kucheka sana, na mwaka mmoja kabla ya uhuru alianza kusimama mikutanoni na kusema kwamba wazungu waende kwao. Barua ya kumshtaki ikaandikwa kwa wazungu, na Firmin akachukuliwa akapelekwa gereza la mbali. Félicité alikuwa bwenini kwa masista, hakumwona akiondoka. Alichorudishiwa ni karatasi iliyosema amekufa kwa homa. Uhuru ulipokuja, ofisi zikafunguliwa, makaratasi yakatupwa uani, na Félicité akaikuta ile barua kwa macho yake. Haikuwa na jina la mwandishi, wala halikuhitajika. Mwandiko ule, wenye mikia mizuri kwenye herufi, ndio ulioandika kadi za ubatizo za parokia nzima. Ulikuwa wa Cyprien, karani wa serikali.

Na mama yake Cyprien, Pudentienne, alikuwa akianika ndagala palepale, safu ya tatu kutoka kwenye mkeka wa kitabu.

Sasa unaelewa usomaji ule ulivyokuwa. Kila ukurasa uliomtaja Mzee wa Mihuri, Félicité aliurefusha. Alimwongezea mwandiko mzuri ambao Kifaransa hakikuutaja. Alimwongezea viatu vyeupe, kama vile Cyprien alivyoanza kuvaa baada ya uhuru alipopandishwa cheo. Akamwongezea na mama anayejivunia mtoto wake kanisani. Akasoma hayo kwa sauti ya juu, taratibu, akimwangalia mtu mmoja tu. Wanawake wote walijua, na wote waliangalia mchanga. Pudentienne alikaa, akasikiliza, akageuza ndagala zake, akaja tena kesho yake. Jambo hilo lilimuudhi Félicité kuliko yote. Angalau angeondoka siku moja analia!

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwezi wa tano wa mwaka wa sitini na nne, waasi walipoingia mjini kutoka upande wa bonde la Ruzizi, wamejifunga majani vichwani na kumwagiwa maji ya dawa yaliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Ofisi zilichomwa. Makarani walitafutwa nyumba kwa nyumba. Mtu alikamatwa kwa sababu ya kalamu mfukoni. Cyprien alitoweka siku ya kwanza, na ikasemwa kwamba amevukia Bujumbura. Na pale ufukoni kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Kwao, mwanamke akishazaa, jina lake hulala. Huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza mpaka anakwenda kaburini. Pudentienne alikuwa Mama Cyprien kwa miaka thelathini na zaidi. Haikupita wiki, jina hilo likatoweka midomoni mwao wote, hata mwa wale waliokuwa hawampendi, akawa Koko, bibi tu, kama ajuza yeyote asiye na mtu. Félicité hakumwita kwa jina lolote, la zamani wala jipya.

Waliendelea kuanika, maana hata vita vinakula. Waliendelea kusoma pia, na sasa kwa kiu kubwa zaidi, kwa sababu kando ya ile bahari ya kitabuni watu walikufa mmojammoja na kwa sababu inayoeleweka. Na siku hizo hizo Pudentienne, ambaye hakuwahi kuuliza kitu, akaanza kuuliza.

"Mwalimu," alisema asubuhi moja, bila kuinua macho. "Ule kijana, leo amekula?"

Wakacheka. Riziki alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mucheke tu," Pudentienne akasema. "Tangu tuanze, anakunywa divai na kutembea-tembea mu nyumba. Hakuna siku amekula. Muntu hawezi kuchukia namna ile na tumbo tupu. Ile tumbo ndiyo inamuzidishia."

"Kitabu hakisemi," Félicité alijibu kwa ukavu.

Lakini kesho yake akaulizwa tena, na kesho kutwa. Ili anyamaze, Félicité akampa Adrien bakuli la mchuzi. Swali likawa lingine: nani amempikia? Akamweka mpishi mzee. Analala wapi? Ana blanketi? Kunapopiga upepo wa ziwani, yaani wa baharini, anajifunika nini? Félicité alijikuta akimtafutia Adrien, mtu wa kuua, blanketi, akaona haya. Na Adrien, kwa kulishwa hivyo kila siku, akaanza kubadilika mkononi mwake. Alikaa mezani. Alisema asante. Ilikuwa vigumu kumrudisha kwenye hasira yake akiwa ndiyo kwanza amemaliza kufuta sahani kwa mkate.

Kisha Félicité akaelewa. Alikuwa ametangulia ufukoni mapema, ukungu bado umekaa juu ya maji, ndani yake watu wanapita wakiwa nusu, kichwa bila miguu. Akamwona Pudentienne akielekea kwenye matete, upande ule mto Ruzizi unapoingia ziwani, kikapu kichwani na panga mkononi. Akarudi baada ya muda, panga lilelile, kikapu chepesi, na hakuna tete hata moja. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Félicité alikaa nyuma ya mtumbwi, akasikia harufu ya ugali wa moto ikipita pamoja na yule mama.

Alifurahi. Tusimpambe: alifurahi mpaka akashika ubavu wa mtumbwi. Mwaka mzima wa kusoma, miaka minne ya kulala na kuamka, na kumbe Cyprien yuko mwendo wa robo saa, amejikunja kwenye matope pamoja na viboko na mbu, akingoja mvuvi wa kumvusha. Siku mbili Félicité alitembea kama aliyekunywa. Alisikia maneno nusu, aliitikia salamu za watu waliokwisha kupita, alitabasamu peke yake, na watu wakaanza kuulizana kama Mwalimu amepata mchumba.

Nafasi nayo ikamfuata yenyewe, na ilikuja kwa njia ya kuchekesha. Riziki na Sharifa walikuwa wamegombana sokoni kwa sauti. "Atamuua Jumapili!" Riziki alipiga kelele. "Mbele ya kanisa, mbele ya wakubwa wote! Adrien haogopi mutu!" Aliyekuwa na masikio akasikia, akaenda kusema, na Ijumaa asubuhi Komanda Alimasi wa waasi akatokea ufukoni na askari wawili, ngozi ya nyani begani, kutafuta mzungu anayeitwa Adrien aliyejificha Kavimvira na mwenye nia ya kuua wakubwa.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko mu kitabu, Komanda," Riziki akajibu, akitetemeka. Kwa kutaka kusema ukweli wote akaongeza: "Na ingine iko kwetu. Ni jogoo."

Komanda hakucheka. Alikitazama kitabu, akakigeuza juu chini. Akaamuru kisomwe, aone kama kweli. Dawa yake ilimkataza kukaribia wanawake, akaenda kuketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, hatua ishirini hivi, na Félicité akalazimika kupaza sauti. Komanda alisema atasikiliza kidogo. Jua la utosini lilimkuta palepale, askari wake wamelala kivulini, ameinamia magoti. Alikuwa kijana, hakufika hata miaka ishirini na saba. Siku ya pili alikuja kabla ya ndagala.

"Huyu ni mutu wetu," alisema juu ya Adrien. "Minye nilisimama nikaangalia baba yangu akipigwa fimbo na polisi wa wazungu. Nilikuwa na miaka saba. Nilihesabu."

Komanda akamgeukia Félicité.

"Na weye. Unasoma kama muntu aliyeonja. Nani alikukosea? Sema jina tu, jina moya. Kesho nitakuwa nimemaliza."

Safu ya tatu, mkono uliokuwa ukigeuza ndagala ulisimama hewani. Félicité alilisikia jina likija, likapanda kifuani, likafika nyuma ya meno. Lilikuwa jina fupi. Aliona jinsi litakavyotoka.

"Nitasema kesho," akasema.

Mchana ule alikaa kwenye baraza la nyumba yao akasoma kurasa za mwisho, ambazo alikuwa amezisoma mara nyingi na kuzipita haraka. Safari hii zilimkasirisha. Kitabuni Adrien anafika kwa Mzee wa Mihuri na bastola, anakuta mzee amefia kitini, moyo umesimama wenyewe saa moja kabla. Mathilde anamsamehe, wanapigana busu, bahari inang'aa, kwisha. Mwandishi alikuwa mwoga, basi! Kurasa mia tatu za kuapa, na mwishoni amemuua mzee kwa ugonjwa ili Adrien asiwe na la kuamua. Félicité alikiweka kitabu chini. Alikuwa ameketi na uamuzi ambao hakuna mtu aliyemwandikia.

Kesho yake ziwa lilikuwa jeupe na limetulia kabisa. Komanda alikuwa amekwisha kukaa mtumbwini. "Jina," alisema tu, bila salamu.

Félicité hajafungua mdomo, mwewe akashuka kutoka juu, mabawa wazi, moja kwa moja kwenye safu ya tatu.

"Mama Cyprien, mwewe! Iko kwako!" Riziki akapiga kelele.

Mwewe aliondoka na ndagala zake. Riziki aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini ya nini tena.

Komanda alisimama. "Cyprien," alisema polepole. "Tunatafuta karani mumoja, jina lake Cyprien. Mama, simama."

Pudentienne akasimama, magamba ya samaki yamemganda viganjani. Hakumtazama Komanda. Alimtazama Félicité, kwa mara ya kwanza tangu barua ile, na macho yake hayakuomba kitu. Yalingoja tu.

Félicité akacheka.

Mpaka leo hajui kicheko kile kilitoka wapi. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kujimwaga, cha Firmin mwenyewe. "Komanda wangu!" akasema. "Cyprien ni Mzee wa Mihuri! Jina lake refu lilitushinda, tukampa jepesi. Na huyu Koko, kila siku anamlilia. Mzee ameua mtu kwa kalamu, yeye anauliza ana afya gani. Basi tukamwambia, kama unampenda hivyo, wewe ndiye mama yake."

"Mama Cyprien!" Sharifa akadakia bila kupoteza pumzi. "Tunamuchekea nalo. Koko, kaa chini, utaanguka. Hana hata mutoto, maskini."

Komanda alimtazama huyu, akamtazama yule. Alikuwa mtu wa vita, alijua uongo unavyonuka, lakini pia alikuwa amesubiri siku tatu kujua mwisho. Akakaa.

"Soma," alisema. "Leo nataka mwisho. Huyo Cyprien anakufa namna gani?"

Félicité akafungua ukurasa wa mwisho. Pale mzee alikuwa amekaa kitini, moyo umesimama, safi, hana hata jeraha. Akijua kwamba Komanda hataondoka na mwisho kama huo, na akijua pia kwamba hayo hayakuwa yote, kwamba alikuwa amepewa mbele ya watu kitu alichokitamani miaka minne, akamfufua mzee. Akamuua mwenyewe.

Hakuharakisha. Adrien aliingia, akafunga mlango, akaweka karatasi mezani. Akamwambia Cyprien andika. Andika jina la baba yangu kwa mwandiko wako mzuri, andika tena, andika mpaka mkono uvimbe, na Cyprien akaandika huku analia, na wino ukamchafua viatu vyeupe. Aliomba maji akanyimwa. Aliomba padri akanyimwa. Alimwita mama yake. Yote ambayo Félicité alikuwa ameyapanga kitandani kwake, usiku kwa usiku, akayatoa yote mbele ya jua, bila kubakiza hata moja, na alipokuwa akiyatoa alimwangalia Pudentienne. Pudentienne alikuwa amepiga magoti, anageuza ndagala. Aligeuza safu, akaigeuza tena, akaigeuza mara ya tatu, zilezile.

"Akafa," Félicité akasema.

Alingoja utamu. Alikuwa na haki nao. Mdomoni alisikia kitu kama ugali usioiva, na ghafla akachoka, akatamani kulala hapo hapo mchangani.

"Na Adrien?" Komanda akauliza.

"Adrien akabaki amesimama."

"Halafu?"

"Halafu kurasa zimekwisha."

Komanda alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Alitazama maji. Kwa muda alikuwa mtoto wa miaka saba, mtu yeyote angeweza kumwona. "Ni kitabu kizuri," alisema. Kisha, akiinuka: "Na lile jina lako?"

"Mtu niliyekuwa namtafuta amekufa, Komanda," Félicité alisema. "Nimechelewa."

Komanda alitikisa kichwa, kama anayempa mtu pole ya msiba, akawaamsha askari wake, wakashika njia ya mpakani. Sharifa akamshika Riziki mkono, aliyekuwa analia kwa kwikwi, akamwambia waende wakachote maji, ingawa mitungi ilikuwa imejaa. Wengine nao wakakumbuka kazi zao. Wakabaki wawili, na ndagala, na kitabu kimelala kifudifudi mkekani.

"Umemuua vizuri," Pudentienne akasema. Hakuwa anamsimanga. "Leo kuna mutumbwi wa kumuvusha mutoto wangu. Kesho hataonekana tena huku."

Félicité akaokota kitabu, akakifunga.

"Sasa nikuambie kitu, kusudi usinipe zawadi bila kujua unampa nani." Yule mama alikuwa bado kwenye magoti yake. "Ile barua. Mutoto hakutaka. Mzungu alimuambia, lete jina moya, ao tutaandika lako. Alikaa siku mbili na karatasi haina kitu. Hakula. Ni minye nilimuambia andika. Hata jina ni minye nilimutajia."

Mbele, barabarani, Komanda na watu wake walikuwa bado wanaonekana, wadogo, ngozi ya nyani ikiruka begani. Ziwa lilikuwa kimya namna ile ambayo mtu akiita, sauti inafika.

"Kwa nini baba?" Félicité aliuliza. "Waliosema mikutanoni walikuwa wengi."

"Walikuwa wengi. Wote walikuwa na vijana wa kiume." Pudentienne alifuta viganja vyake kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. "Firmin alikuwa na binti tu. Nikafikiri, yeye hana mutu wa kumulipizia."

Félicité alisimama. Alitazama barabara mpaka wale watatu wakafikia vibanda vya mpakani, na hakuita. Alikuwa na hasira, jamani, hasira mpya kabisa, iliyozaliwa asubuhi ile, na hakujua aiweke wapi, kwa sababu ile ya zamani alikuwa ameimaliza yote kwa Adrien. Watatu wakapita vibanda. Ukungu wa mwisho ukaondoka juu ya maji, na milima ya Burundi ikatokea yote kwa pamoja, karibu sana, mpaka mashamba yakaonekana.

"Siku ile," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kusomea. "Walipokuja kumchukua. Ulikuwepo?"

"Nilikuwa kwa lupango lenu, pale uani. Nilikwenda kuangalia kama wataenda kweli."

"Mimi sikuwepo."

"Najua, mwanangu. Ulikuwa kwa masista."

Félicité akaketi mchangani, mbali kidogo naye, akavuta magoti kifuani. "Basi nieleze," akasema. "Anza tangu walipoingia."

Pudentienne alitafuta kwanza pa kuanzia.

"Walimukuta ananyoa ndevu," akasema. "Shavu moya lilikuwa bado na sabuni."